Pampu Inapuliza, Samaki Wanahema: Kosa Likiwa Kwenye Uso wa Maji

Simu zinazonijia kuhusu mabwawa ya samaki karibu zote huanza hivi: "Fundi, pampu ipo, inapuliza, lakini samaki wako juu wanahema." Zinatoka huku kwetu Dodoma: Nzuguni, Ihumwa, Veyula, mara chache Bahi au Kongwa. Kwa muda mrefu nilikuwa na jibu moja tu: ongeza pampu. Mzee mmoja wa Veyula nilimuuzia pampu ya pili kwa jibu hilo hilo. Baada ya wiki akapiga tena.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sasa nina pampu mbili, fundi, na samaki wanahema vile vile."

Nilikwenda Jumamosi. Sababu nilikuta imeanikwa kwenye kamba: sare za shule, mashuka, vyandarua viwili. Walikuwa wanafulia kwenye jiwe lililo upande wa juu wa bwawa, na maji ya kusuuzia yalikuwa yanateremka taratibu kwenye udongo mpaka yanaingia ndani. Pampu zote mbili zilikuwa nzima. Hata ile ya kwanza haikuwahi kuwa na kosa. Nikamrudishia mzee hela ya ile ya pili, na tangu siku hiyo sifungui mkoba wa spana kabla sijauangalia uso wa maji.

Ninayoyaandika hapa ni kwa mwenye bwawa la udongo, bwawa la turubai au simtanki iliyokatwa juu. Wenye makaro ya majitaka yanayopulizwa hewa nao wana sehemu yao huko chini, maana ugonjwa ni ule ule.

Kwanza, nini kinatokea pale juu

Oksijeni haisukumwi ndani ya maji kama upepo kwenye tairi. Inayeyuka pale tu hewa na maji vinapogusana. Ile tabaka nyembamba mno ya maji inayogusa hewa hujaa oksijeni mara moja. Kazi iko katika kuishusha chini na kupandisha maji mengine ambayo bado hayajashiba. Mwaka 1935 mwanasayansi Ralph Higbie alilieleza hivyo: maji yanakuja juu, yanakaa kitambo yakinywa oksijeni, kisha yanapisha mengine. Mwaka 1951 mhandisi wa kemia Danckwerts akaliendeleza wazo hilo. Yanavyopishana haraka, ndivyo oksijeni inavyoingia haraka.

Sasa ije sabuni. Molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Ndani ya maji haitulii, hewani haiwezi kuruka, kwa hiyo inajipanga mpakani, kichwa chini mkia juu. Vitu vya tabia hiyo wakemia huviita safaktanti, na sabuni ni mmoja tu katika ukoo huo. Wamo pia ute wa samaki, protini za chakula kilichooza, mafuta ya mashudu na majimaji yanayovuja kwenye mwani uliokufa.

Wengi hudhani utando huo unafanya kazi kama mfuniko wa sufuria. Sivyo. Utando wenyewe ni mwembamba kiasi kwamba oksijeni inaupenya bila shida kubwa. Madhara yake ni ya breki. Maji ya juu yanapotaka kujinyoosha ili mapya yapande, sehemu iliyonyooka inabaki na safaktanti chache, mvutano wake (ile nguvu inayokaza ngozi ya maji) unakuwa mkubwa kuliko wa pembeni, na uso unavutwa kurudi ulikotoka. Nguvu hii inaitwa kwa jina la Mwitaliano Carlo Marangoni. Matokeo yake uso unakaza, na maji yaliyoshiba yanakaa juu bila kupisha yenye njaa.

Kiputo cha hewa nacho kinapatwa na hayo hayo. Katika maji safi, ngozi ya kiputo inateleza na kujigeuza kadiri kinavyopanda, na hewa iliyomo ndani inazunguka. Kikipita kwenye maji ya sabuni, safaktanti hukikusanyikia njiani, hasa upande wa chini, ngozi inaganda, na kiputo kinapanda kama ushanga mgumu: polepole, bila kuteleza. Kinapotoka tu kwenye jiwe la hewa, lile lenye matundu linalofungwa mwisho wa mpira wa pampu, bado kinagawa oksijeni vizuri. Muda mfupi baadaye kimeshafungwa.

Hapa ndipo macho yanapodanganya. Sabuni hufanya viputo vitoke vidogo na vingi, bwawa linapendeza kama soda iliyofunguliwa sasa hivi, na mfugaji anaridhika. Ni kweli eneo la kugusana limeongezeka. Lakini kila kipande cha eneo hilo sasa kinapitisha kidogo, na kwenye mawe ya hewa yenye matundu madogo hesabu mara nyingi huishia kwenye hasara.

Dalili: samaki wanahema alfajiri tu, saa nne asubuhi wako sawa

Hiyo si sabuni. Usiku mwani na samaki wote wanapumua na hakuna jua la kutengeneza oksijeni mpya, kwa hiyo kiwango kinashuka mpaka alfajiri. Punguza chakula cha jioni, washa pampu kuanzia saa nne usiku, na angalia kama maji yamekuwa ya kijani kiasi kwamba ukizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko vidole huvioni. Katika siku za mawingu za Januari na Februari tatizo hili linaweza kuendelea mpaka mchana. Usiendelee na mwongozo huu kabla hujalitoa hili njiani.

Dalili: viputo vingi, pampu nzima, lakini mita ya oksijeni haipandi

Hili ndilo linalonipeleka majumbani kwa watu. Kabla ya kulaumu kifaa, nenda jikoni ukachukue pilipili manga ya kusaga, bakuli na kijiti cha meno.

Suuza bakuli mara nyingi kwa maji safi, maana bakuli lililooshwa kwa sabuni likabaki na masalia litakudanganya. Lizamishe bwawani taratibu ukiinamisha mdomo wake, ili maji ya juu kabisa ndiyo yateleze kuingia. Weka mezani, nyunyiza pilipili kidogo, kisha gusa katikati kwa kijiti kilichochovywa sabuni ya maji. Kwenye maji safi pilipili itakimbilia kingo kama kuku walioona mwewe. Ikisogea kivivu, au isisogee kabisa, basi uso ulikuwa umeshakaliwa kabla hujaleta sabuni yako. Rudia kwa maji ya bombani ili uone tofauti. Mjerumani Agnes Pockels alianza kupima nyuso za maji kwenye sinki la jikoni kwao, na mwaka 1891 barua yake ilichapishwa katika jarida la Nature, kwa hiyo asikucheke mtu ukikaa na bakuli na pilipili kando ya bwawa.

Mwenye mita ya oksijeni anaweza kupima hasara kwa namba. Chukua ndoo mbili za lita 20, moja ya maji safi na moja ya maji ya bwawa yaliyochujwa kwa kitambaa, zote kivulini. Weka kwenye kila ndoo gramu 1.5 hivi za sodiamu sulfaiti ili imalize oksijeni iliyomo (miligramu 1 ya oksijeni inahitaji karibu miligramu 8 za sulfaiti). Mita ikishuka karibu na sifuri, washa jiwe lile lile na pampu ile ile katika kila ndoo kwa zamu, na hesabu dakika za kupanda kutoka miligramu 2 hadi 5 kwa lita. Tuseme maji safi yametumia dakika 9 na ya bwawa 16. Gawanya 9 kwa 16, utapata 0.56. Uwiano huo wahandisi huuita alfa, na maana yake ni kwamba pampu yako inafanya kazi kidogo zaidi ya nusu ya ile iliyoandikwa kwenye boksi. Maji ya ndoo hizo yamwage mbali na bwawa.

Ukishajua kwamba uso umekaliwa, tafuta anayeukalia. Kwa uzoefu wangu wa huku, mpangilio ni huu.

Kufulia kando ya bwawa ndiko kunakoongoza. Sabuni ya mche ina nafuu kidogo kwa sababu maji ya visima vingi vya Dodoma ni magumu: kalisi iliyomo inaikamata na kuifanya ukoko mweupe unaoelea. Sabuni ya unga haikamatwi hivyo, imetengenezwa ili ifanye kazi hata kwenye maji magumu, na ikiingia bwawani inabaki na nguvu zake. Habari njema ni kwamba kiini cha sabuni nyingi za unga za sasa huliwa na bakteria ndani ya siku kadhaa, mradi kuna oksijeni. Zile za miaka ya 1950 zilikuwa haziliki, mito ya Ulaya na Marekani ikajaa mapovu, ndipo viwanda vikabadilisha kiini katikati ya miaka ya 1960.

Anayefuata ni mashudu ya alizeti. Sisi wa Dodoma na Singida tunayapenda kwa sababu yapo na bei yake inashikika, lakini mashine ndogo za kukamua huacha mafuta mengi ndani. Ukiyamwaga makavu juu ya maji, mafuta yanatoka na kutambaa. Usidharau uchache wake. Benjamin Franklin alieleza mwaka 1774 jinsi alivyomimina kijiko cha chai cha mafuta kwenye bwawa la Clapham, London, na upande mzima ukatulia, kama nusu ekari hivi. Changanya mashudu na pumba, yakande, yafanye madonge na uyashushe kwenye trei chini ya maji. Ukiona rangi za upinde wa mvua juu ya maji baada ya kulisha, mkamuaji wako habani vizuri, tafuta mwingine.

Wa tatu ni mtu aliyeosha turubai kwa sabuni ya maji kabla ya kujaza na hakusuuza vya kutosha. Hili hutokea wiki ya kwanza tu na huisha lenyewe, lakini ndiyo wiki ambayo vifaranga vinaletwa.

Dalili: povu

Povu lina lugha yake, na watu wanalisoma vibaya. Jaza nusu chupa kwa maji ya bwawa, tikisa kwa sekunde kumi, weka chini. Povu likifa kabla hujavuta pumzi mbili, sahau habari ya sabuni. Likibaki dakika kadhaa, angalia rangi na unuse. Jeupe, lenye rangi za upinde na harufu ya manukato ni la sabuni. La kahawia au kijani, linanata vidoleni na kunuka shombo, ni la protini: umelisha kupita kiasi, au kuna samaki waliokufa chini hujawaona.

Kwa vyovyote vile, usilivunje povu kwa mafuta. Najua inavyofanyika: kijiko cha mafuta ya alizeti, povu linakufa, kila mtu anafurahi. Umeondoa dalili na kuongeza ugonjwa. Viputo vinaungana na kuwa vikubwa, eneo la kugusana linapungua, na utando mpya umeongezwa juu ya ule wa zamani. Dawa za kuua povu za madukani, zile za silikoni, nazo hufanya karibu hayo hayo, na kwenye makaro ya majitaka hujulikana kwa kushusha uingiaji wa oksijeni.

Povu lina faida moja ambayo huku kwetu ni kubwa, kwa sababu maji ni ya kununua. Kila kiputo kinachopanda kinabeba safaktanti na kuzipeleka juu, kwa hiyo povu ni uchafu uliojikusanya wenyewe. Lisukume kwa ubao mpaka kona moja upande upepo unakoelekea, lichote kwa chandarua laini au kopo, lizike mbali. Fanya hivyo asubuhi tatu mfululizo kabla hujafikiria kuagiza boza. Bwawa la turubai lenye bomba la kutolea maji ya juu lina raha zaidi: jaza kidogo kupita kimo cha bomba, uso wenyewe unaondoka. Anayebadilisha maji kwa kutoa ya chini anapoteza maji na kubaki na utando.

Dalili: upepo unavuma, bwawa limelala

Kati ya Juni na Oktoba upepo wa Dodoma unaweza kubeba ndoo tupu. Bwawa safi katika upepo huo linakuwa na vijiwimbi vidogo vidogo kama ngozi ya mtu aliyeshikwa na baridi. Ukiona mabaka laini yanayong'aa, vijiwimbi vimekatika hapo, ndipo utando ulipo. Vijiwimbi hivyo ndivyo vinavyopindua maji ya juu bila gharama ya umeme, kwa hiyo utando unakunyang'anya pampu ya bure. Mabaka yakiwa yamejikusanya upande mmoja, chota. Yakitawala bwawa zima, rudi kwenye orodha ya wahalifu hapo juu.

Dalili: perege wamekufa, kambale wanacheka

Kambale ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu. Kumwona akipanda, kumeza hewa na kuzama ni kawaida yake, hata kwenye maji mazuri. Kwa hiyo bwawa la mchanganyiko lina kipimo ndani yake. Perege wakifa na kambale wakabaki wazima, oksijeni ilikwisha. Kambale nao wakifa, acha kuhangaika na pampu: kuna sumu.

Na safaktanti zinaweza kuwa sumu zenyewe. Miligramu chache kwa lita za kiini cha sabuni ya unga zinatosha kuharibu matamvua na kuua samaki, hata pale mita inaposema oksijeni ipo. Yafunue matamvua: yakiwa yamevimba, yamepauka na kujaa ute, fikiria sabuni au dawa ya shambani. Dawa nyingi za kuua magugu zenye glifosati huchanganywa na safaktanti ili zishike kwenye majani, na iliyotumika sana, ile ya asili ya mafuta ya ng'ombe, ni kali kwa samaki kuliko glifosati yenyewe. Mtu anapulizia bustani ya mchicha, anasuuza bomba la mgongoni kwenye mfereji wako, anakwenda zake. Hapa hakuna kuchota povu. Hamisha samaki walio hai, toa maji, anza upya.

Cha kufanya usiku huo huo

Samaki wanahema, utando umethibitika, duka limefungwa. Vunja uso. Jiwe la hewa ndilo linaloumia zaidi na safaktanti, kwa sababu viputo vyake vidogo vinasafiri taratibu na kupata muda wa kufunikwa. Maji yanayorushwa na kupasuka hayaupi utando nafasi ya kujipanga. Katika msukosuko mkali hasara ya sabuni ni ndogo zaidi, wakati mwingine haipo kabisa. Chukua pampu ya maji, nyanyua bomba mita moja juu ya bwawa, toboa ndoo matundu mengi na maji yapite humo yakianguka kama mvua. Ereta ya mapanga, mashine ya kurusha maji hewani, inafanya kazi hiyo hiyo kwa bei kubwa zaidi. Umeme ukikatika, watu wawili na ndoo mbili wakipokezana wanaweza kuwafikisha samaki asubuhi.

Ukiongeza maji ya kisima kirefu, yapitishe pia kwenye ndoo ya matundu. Maji ya chini ya ardhi mara nyingi hutoka yakiwa na oksijeni kidogo sana, na ukiyaingiza kwa bomba lililozama unaongeza njaa bwawani.

Kwa wenye makaro ya kupulizwa hewa

Hoteli, hosteli na vyuo vilivyofunga mitambo midogo ya majitaka hupiga simu Jumatatu: mwanzo wa karo oksijeni haipandi, mwisho wa karo iko juu. Siku za mapumziko watu wamefua. Mwanzoni mwa karo safaktanti bado mbichi, na alfa ya viputo vidogo inaweza kushuka hadi 0.3 au 0.4. Bakteria wanazila kadiri maji yanavyosogea, na alfa inapanda. Usifungue hewa zaidi kwa usawa kote. Elekeza hewa nyingi mwanzoni, na usiondoe tope kwa pupa, kwa sababu bakteria wanaishi humo, na tope lenye umri mkubwa huzila safaktanti mapema zaidi. Ukiwa na tangi la kusawazisha, lijaze Jumapili na uliachie kidogo kidogo. Mengine ni ya fundi wa mtambo wenyewe.

Dalili: kila kitu kiko sawa, lakini mita haivuki 7

Maji hayana tatizo. Kitabu cha mita kinasema maji ya nyuzi 25 hushiba kwenye miligramu 8.26 kwa lita, na hiyo ni kweli ukiwa Tanga ufukweni. Dodoma mjini ni zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na maji ya nyuzi 25 yanashiba karibu na 7.2. Yakifika nyuzi 30 ni 6.6 hivi. Tafuta kitufe cha mwinuko kwenye mita, weka 1,120, na usimwite fundi.